Kumcha Mungu Pasipo Macho ya Watu

Maneno yaliyonenwa mbele ya Wakristo na waalimu kwa ajili ya jubilei ya Dayosisi ya Masasi



Wakati wa jubilei ni desturi kuhesabu. Twahesabu miaka tangu 1926, Dayosisi yetu ilipotengwa na ile ya Zanzibar ikapewa Askofu wake wa kwanza, William Vincent Lucas. Twahesabu makanisa na shule, mapadre waliotutangulia, na watu waliobatizwa. Kuhesabu huku ni kwema, maana ni njia ya kushukuru. Walakini liko jambo moja ambalo hakuna katibu awezaye kuliandika katika daftari lake, nalo ni hili: katika watu hao wote, ni wangapi waliomcha Mungu siku ya kazi, mahali asipokuwapo mtu wa kuwaona? Hesabu hiyo anayo Mungu peke yake. Nasi tumechagua kunena habari zake, kwa sababu twaamini ya kuwa jambo hili ndilo litakaloonyesha kama miaka ijayo itakuwa miaka ya Kanisa, au miaka ya majengo tu.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Kiswahili chetu kimetupa maneno mawili, nasi mara nyingi twayachanganya. Mtu humwogopa chui, huogopa moto, humwogopa askari. Bali tukimtaja Mungu twasema kumcha. Aogopaye hukimbia, amchaye hukaribia, lakini hukaribia kwa adabu, kama aingiaye mahali patakatifu. Aogopaye fimbo hutenda mema maadamu fimbo yaonekana. Fimbo ikiwekwa kando, naye hugeuka kuwa mtu mwingine. Amchaye baba yake hajizuii kwa ajili ya fimbo. Hujizuia asije akamhuzunisha, hata baba akiwa safarini mbali. Basi kicho ni heshima na upendo pamoja, vilivyoingia ndani ya mtu hata vikawa mlinzi wake.

Pengine mtu atasema: Je, Mtume Yohana hakufundisha ya kuwa pendo kamili huifukuza hofu? Amefundisha hivyo, naye amesema kweli. Lakini hofu inayofukuzwa ni ile ya mtumwa angojaye kupigwa. Kicho hakifukuzwi na pendo. Chakua pamoja nalo. Kila tunapozidi kumpenda mtu, ndivyo tunavyozidi kuchelea kumkosea.

Sasa na tuulize: Mungu ametaka kicho hiki kionekane wapi? Wengi wetu tungejibu upesi, kanisani. Twainamisha vichwa, twapiga magoti, twawanyamazisha watoto, nasi twadhani ya kuwa kwa hayo tumekwisha kumcha Mungu. Heshima ya kanisani ni njema, tusiiache. Lakini kifungueni kitabu cha Mambo ya Walawi. Humo Mungu awaagiza watu wake mara tano kwamba wamche Yeye, nazo mara zote tano hanyoshei kidole madhabahu. Anyosha kidole kwa mtu aliye dhaifu.

Mara ya kwanza, katika sura ya 19, awakataza wasimtukane mtu asiyesikia, wala wasimwekee kipofu kitu cha kumwangusha. Hapo aongeza kwamba wamche Mungu wao. Mara ya pili, katika sura iyo hiyo, awaagiza kumwinukia mzee mwenye mvi. Mara tatu zilizobaki zimo katika sura ya 25: wasipunjane katika kuuziana mashamba, wasimtoze riba ndugu aliyepatwa na umaskini, wasimtawale kwa ukali ndugu aliyejiuza kwao kwa sababu ya shida.

Kwa nini agizo la kumcha Mungu limefungwa na mambo haya matano? Tazameni jinsi yanavyofanana. Kiziwi hawezi kukushitaki, maana hakusikia ulilolisema. Kipofu ameanguka, wala hajui ni nani aliyeweka jiwe. Mzee aliyesimama mbele yako, waweza kugeuza uso na kujifanya hukumwona, na nani atakuhukumu? Asiyejua kuhesabu hajui kwamba amepunjwa. Maskini mwenye deni, na mtumishi asiye na mahali pengine pa kwenda, hawathubutu kunung'unika. Katika mambo haya yote hakuna shahidi, au yuko shahidi asiyeweza kusema. Hapo ndipo Mungu asimamapo na kusema: Mimi nipo. Ni kana kwamba alisema, Kwa wenye nguvu hamna haja ya kukumbushwa, maana wao watajitetea. Bali kwa huyu asiye na mtetezi, nicheni mimi.

Hata Bwana wetu, alipotoa mfano wa kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu, je, alimweka nani mlangoni pake? Alimweka mjane. Kicho kinapokosekana, mkubwa na tajiri hawaumii kwanza; aumiaye kwanza ni mjane.

Ndugu zetu, jambo hili latuhusu sisi wa Masasi kuliko wengi, kwa sababu ya wale waliotuanzia Kanisa. Mnajua ya kuwa soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli mwaka uo huo likawekwa mahali pale jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakapita Lindi, wakapanda bara. Nia yao ilikuwa kufika upande wa ziwa Nyasa, kwa kuwa wengi wao walichukuliwa kutoka huko. Walipofika penye majabali haya ya Masasi, hawakuendelea tena; wakajenga, wakalima, wakasali. Mwaka 1882 Magwangwara waliushambulia mji wao, na baadhi ya watu waliokwisha kuwekwa huru wakachukuliwa mateka tena. Hata hivyo Kanisa halikufa. Naye Cecil Majaliwa, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, alipewa upadre mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza kuupata katika Misioni yetu, na kazi yake aliifanya katika nchi hii yetu, huko Chitangali.

Fikirini, watu hawa walikuwa nani? Walipimwa kwa macho kama mifugo, wakatajiwa bei, wala hapakuwa na baraza ambalo neno lao lingesikiwa. Wao ndio kiziwi na kipofu wa sura ile ya 19. Ndio ndugu aliyetawaliwa kwa ukali wa sura ile ya 25. Kanisa hili halikuanzwa na wenye nguvu. Lilianzwa na watu ambao kila mtu aliweza kuwadhulumu bila kuogopa kitu. Basi ikiwa sisi, warithi wao katika imani, twamdhulumu mtu kwa kuwa hana wa kumsemea, hatutendi dhambi tu. Twalirudisha soko lile mahali palipowekwa altare.

Nasi hatuneni haya kama watu wasio na hatia. Imetupasa kuungama jambo moja, ijapokuwa ni la miaka mingi iliyopita, ili mjue ya kuwa twanena yaliyotupata wenyewe.

Katika ujana wetu tuliwekwa kwenye mizani, kuandika uzito wa korosho za wakulima, mahali ambapo hatutapataja. Mnajua desturi: gunia likipimwa, hukatwa kilo moja kwa ajili ya gunia tupu, nayo ni haki. Lakini karani mkubwa kwetu kwa umri alitufundisha kukata tatu. Akatuambia: "Korosho hunyauka ghalani, na upungufu ukionekana hukatwa katika mshahara wako. Basi jilinde mapema." Neno lake halikuwa uongo, korosho hunyauka kweli, na mkubwa wetu alikuwa mkali. Tukaanza kukata tatu. Hatukukata kwa wote, ndugu. Kwa mwalimu hatukukata, maana alijua kusoma mizani. Kwa mwenye duka hatukukata, maana angepiga kelele. Tulikata kwa wale ambao hawakujua.

Siku moja alikuja bibi mmoja, macho yake yameingia ukungu, gunia lake limebebwa na mtoto wa jirani. Mizani ilisema kilo 52. Ilitupasa kuandika 51, tukaandika 49. Akauliza, "Ni ngapi, mjukuu wangu?" Tukamjibu, "Arobaini na tisa, bibi." Akafurahi. Akasema, "Nilidhani hazifiki hapo, maana mgongo huu haupendi tena kuinama chini ya mikorosho. Asante, mjukuu wangu. Mungu akuone."

Mungu akuone! Mnalijua neno hili. Ni neno la baraka, nasi twaambiana kila siku. Lakini siku ile liliingia kama mkuki. Tulitazama daftari, na tarakimu ile ya 49 ikatutazama. Tulikuwa tumejificha macho yake, na yeye, asiyeona, alimwita Yule aonaye. Usiku hatukulala. Tulitambua ya kuwa msimu wote tulimwogopa mkubwa wetu, wala hatukumcha Mungu.

Kulipokucha tulitwaa fedha za kilo zile mbili, tukaenda hata nyumbani kwake, tukamweleza yote. Alikuwa akichambua mboga. Alinyamaza kitambo, asitutukane, wala asitusifu kwa kuja. Kisha akauliza neno moja tu: "Na wale wengine?"

Hatukuwa na jibu. Tulikwenda kwa wachache tuliowakumbuka. Wengine hatukujua majina yao wala vijiji vyao. Tulimwambia mkubwa wetu ya kuwa hatutakata tena zaidi ya moja, na upungufu ulipoonekana tuliulipa katika mshahara, kama tulivyoonywa. Msimu uliofuata hatukuitwa kazini. Lakini swali la bibi yule halijaisha hata leo. Dhuluma ya siri ina ubaya huu: aliyeitenda akitubu, aweza kukosa mtu wa kumrudishia. Vijana mnaosikia, jihadharini na dhambi ndogo itendwayo kwa watu wengi. Ni rahisi kuitenda, bali ni vigumu sana kuifuta.

Neno la bibi yule lilitukumbusha mwanamke mwingine, Hajiri, mjakazi wa Sara. Alitendwa vibaya, akakimbilia jangwani akiwa na mimba, pasipo mtu wa kumtetea. Malaika wa Bwana akamwona penye chemchemi. Naye Hajiri, mtumwa na mgeni, akampa Mungu jina: Mungu aonaye. Hakutetemeka kwa kuonwa, alifarijiwa. Hapa ndipo penye siri ya kicho, nasi twawaomba mlishike hili kuliko yote tuliyoyanena. Jicho la Mungu ni moja. Jicho lile lile linalomzuia karani mkono wake ndilo linalomfariji mjane. Mtu akitamani Mungu asione daftari lake, yampasa ajue ya kuwa ametamani Mungu asimwone Hajiri jangwani. Hatuwezi kuliomba jicho hilo lifumbe upande mmoja.

Basi na tuangalie siku zetu za kawaida, maana kicho huonekana katika mambo madogo.

Nyumbani. Ndugu akifa, akamwacha mjane na watoto, ukoo hukusanyika. Shamba lipo, mikorosho ipo, na mjane hana hati wala mjomba mwenye sauti. Wakati ule mtu asijiulize kwamba desturi yaruhusu nini, wala kwamba mahakama i mbali kiasi gani. Ajiulize: Je, ningegawa hivi kama marehemu angeketi hapa mkekani? Marehemu hayupo, bali Baba wa yatima yupo.

Shuleni. Mwalimu, mtoto aliye mbele yako hawezi kukuhukumu. Ukichelewa, hajui ni haki yake kufundishwa tangu kengele ya kwanza. Ukimpiga kwa hasira uliyokuja nayo kutoka nyumbani, atadhani amekosa yeye. Mkaguzi huja siku chache, nasi sote twajua jinsi ubao unavyong'aa siku ile! Lakini somo la siku asiyokuja mkaguzi ndilo ibada yako. Na mtoto ambaye wazazi wake hawajapata kufika shuleni kuuliza habari zake, huyo umtazame mara mbili.

Kanisani. Sadaka zetu hutoka kwa watu wasiotudai hesabu. Bibi hutoa sarafu aliyoifunga katika pindo la kanga, wala haji ofisini kuuliza ilikwenda wapi. Kwa sababu hiyo hasa, hesabu yake iwe safi kuliko hesabu ya mfadhili aandikiwaye barua. Mkumbukeni Nehemia. Alikuwa liwali wa Yuda miaka 12, na maliwali waliomtangulia waliwatoza watu chakula, divai na fedha. Naye alikuwa na haki ya kula chakula cha liwali, lakini hakukila, kwa kuwa alimcha Mungu na kuona ya kuwa watu wamelemewa. Si kila kilicho haki yetu hutupasa kukitwaa.

Tena liko jambo la amri za wakubwa. Wengine husema, kama tulivyosema sisi penye mizani, "Nimeagizwa." Wale wakunga wa Waebrania, Shifra na Pua, waliagizwa na Farao mwenyewe kuwaua watoto wanaume. Hawakuwa na jeshi, wala hawakuwa watu wakubwa. Maandiko yatoa sababu moja tu ya kutotii kwao: walimcha Mungu. Hivyo kicho hiki kimoja humpunguzia mtu hofu nyingine zote. Amchaye Mungu hana haja ya kumwogopa mchawi wa jirani, wala karani mkubwa, wala maneno ya watu. Yawezekana apate hasara, kama wengi walivyopata; lakini hatakuwa na mabwana wengi.

Basi tutajipataje kicho hiki? Hatukizai wenyewe. Nabii Isaya alikitaja miongoni mwa mambo ya Roho wa Bwana, nasi twakiombewa katika Kipaimara, askofu awekapo mikono. Ni kipawa, kikiombwa, hutolewa, kikitumiwa, huongezeka. Twawashauri jambo moja dogo. Kila jioni, kabla ya kulala, mtu asijiulize tu kwamba leo nimekosa nini. Ajiulize hivi pia: Leo nani alikuwa mikononi mwangu, asiweze kunishitaki, nami nimemtendaje? Amtaje huyo kwa jina mbele za Mungu. Na kama yako ya kurudishiwa, ayarudishe kesho yake, maadamu jina bado analijua.

Tulianza kwa jubilei, na tumalize kwayo. Sheria yenyewe ya jubilei, ile ya kupiga baragumu mwaka wa 50 na kutangaza uhuru katika nchi, imeandikwa katika sura ile ile ya 25 ambamo watu waagizwa mara tatu kumcha Mungu. Hili si jambo la bahati. Mungu hakutaka baragumu peke yake. Alitaka kwamba atakayeisikia aende kwenye mizani yake, na kwa mdeni wake, na kwa mtumishi wake, akatende sawasawa. Jubilei isiyofika kwenye mizani imekuwa sikukuu ya kelele.

Ee Bwana, uliyemwona Hajiri jangwani, ukawaona babu zetu katika imani sokoni Unguja na katika njia ya Lindi, utuone na sisi. Utuzuie mikono tusipoonekana na watu, utufariji tusipotetewa na watu, na wale tuliowadhulumu pasipo kujua majina yao, uwarudishie Wewe maradufu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.